Sarufi ya Nani? Kiamu, Kiswahili Sanifu na Ukimya wa Watu Wazima wa Lamu

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya sekondari nchini Kenya anapofundishwa kuhakiki shairi, huelezwa kwamba mshairi ana uhuru ambao mwandishi wa nathari hana. Uhuru huo hugawanywa mafungu: inkisari, yaani kulifupisha neno, mazida, yaani kulirefusha, tabdila, yaani kuibadili sauti yake, matumizi ya lahaja, na hatimaye kile ambacho miongozo ya ushairi hukiita kuboronga sarufi. Akikutana na maneno kama mato, ndia, moya na mai, mwanafunzi huyatia katika mojawapo ya mafungu hayo, kisha akaendelea na swali linalofuata. Lakini kwa mwenziwe wa Lamu anayefanya mtihani huo huo, hayo ndiyo maneno ya nyumbani. Mtoto wa Lamu anayesema kuwa mai yamekwisha hatungi shairi, wala hatumii uhuru wowote aliopewa na wahakiki. Anasema Kiswahili.

Makala hii inachunguza asili ya tatizo ambalo walimu wa pwani wamekuwa wakilisema kwa muda mrefu: kwamba watu wazima wengi wa visiwa vya Lamu, ambao Kiswahili ni lugha yao ya kwanza na pengine ya pekee, huona taabu kuitumia sarufi ya Kiswahili sanifu, na wengine huikwepa kabisa. Mtu aliye msemaji hodari barazani huwa na maneno machache mkutanoni. Anayeweza kuzisoma beti za utendi kwa saa nzima bila kutazama kitabu humwachia mwanawe aliyesoma skuli kazi ya kuandika barua ya serikali. Sababu zinazotolewa kwa kawaida ni tatu: uvivu, uchache wa masomo, au majivuno ya watu wa mjini wanaojiona kuwa lugha ni yao na hawahitaji kufundishwa.

Sababu hizo hazitoshi. Hoja ya makala hii ni kuwa taabu hiyo ina historia inayoweza kutajiwa tarehe. Kwamba iliyoitwa kosa ilikuwa sarufi kamili kabla ya kuitwa kosa. Na kwamba uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, kwa namna unavyowasifu washairi wa Lamu waliokufa na kuwasahihisha wasemaji wake walio hai, una sehemu yake katika lawama.

2.0 Sarufi kabla ya vitabu vya sarufi

Funguvisiwa la Lamu lina visiwa vikubwa vitatu, Lamu, Manda na Pate, pamoja na vingine vidogo vilivyotanda kuelekea mpaka wa Somalia. Lahaja zake ni pamoja na Kiamu cha Lamu, Kipate na Kisiyu katika kisiwa cha Pate, na Kitikuu, kiitwacho pia Kibajuni, kinachosemwa Faza, Kizingitini na visiwa vya kaskazini. Katika eneo hili ndimo ilimotungwa na kuhifadhiwa sehemu kubwa ya fasihi andishi ya kale ya Kiswahili. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Al-Inkishafi ilitungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na kuporomoka kwa mji wa Pate ndiyo maudhui yake. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wake maarufu mwaka 1858.

Heshima ya lugha ya kazi hizo ilivuka mipaka ya visiwa. Maumbo ya kaskazini yalikuwa ndiyo maumbo ya ushairi mkuu hata nje ya Lamu, na mtunzi wa Mombasa aliyetaka kuupa utungo wake uzito aliyatumia bila ya kuona kwamba anaazima kwa jirani. Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, William Ernest Taylor wa misheni ya CMS, aliyejifunza lugha kwa wanazuoni wa Mombasa akiwamo Mwalimu Sikujua, alikuwa miongoni mwa Wazungu wachache waliolielewa jambo hilo. C. H. Stigand alipotoa sarufi yake ya tofauti za lahaja mwaka 1915, Taylor ndiye aliyeiandikia utangulizi, na ndani ya kitabu hicho cha sarufi ikatiwa Al-Inkishafi. Mpangilio huo una maana kwa mhakiki wa leo: utenzi na sarufi viliwekwa katika jalada moja, kwa kuwa lahaja iliyoelezwa katika kurasa za mwanzo ndiyo iliyotungiwa shairi la kurasa za mwisho.

Inafaa kuuliza, basi, iwapo watu wa Lamu walikuwa na dhana ya usahihi wa lugha kabla ya kuja kwa skuli. Jibu linapatikana katika neno sarufi lenyewe. Neno hilo, pamoja na neno nahau, lilitoka katika elimu ya Kiarabu, na elimu hiyo ilisomeshwa kwa makini. Mwanafunzi wa chuo aliyeendelea mbele alisoma Ajurumiya, muhtasari wa nahau ya Kiarabu uliotungwa na Ibn Ajurrum, mwanachuoni wa Morocco aliyefariki mwaka 1323. Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, uliipanua elimu ya dini na ya lugha ya Kiarabu ikawafikia watu wa tabaka ambazo hapo awali hazikuipata kwa urahisi. Mji wenye watu wanaoweza kueleza kwa nini neno la Kiarabu limeishia kwa irabu fulani hauwezi kusemwa kuwa ni mji wa watu wanaoiogopa sarufi.

Kiswahili chenyewe hakikuwa somo la chuoni. Kanuni zake zilipatikana mahali pengine: katika usomaji wa tendi mbele ya hadhara, katika nyimbo za harusi na ngoma, katika mashairi ya kujibizana, na katika mazungumzo ya baraza ambamo kijana aliyekosea alirudiwa na wakubwa wake. Makosa yalikuwapo na yalijulikana kuwa ni makosa. Mtungaji aliyevunja mizani alichekwa, na aliyetumia neno pasipo mahali pake alisahihishwa. Mizani na sikio la mzee ndivyo vilivyokuwa vipimo, na wote waliokuwa wakipimwa wangeweza siku moja kuwa wapimaji. Mabadiliko ya karne ya 20 yalikiondoa kipimo hicho katika mikono ya wasemaji.

3.0 Kutoka Unguja hadi ubaoni, 1925–1939

Historia ya usanifishaji imesimuliwa mara nyingi, miongoni mwa wengine na Wilfred Whiteley (1969) na Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala (1977), kwa hiyo yatosha kutaja nguzo zake. Misheni mbili zilikwisha kuweka misingi inayopingana. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kazi yake ilifuata lugha ya huko. Edward Steere wa UMCA alitoa mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 uliielekeza Tanganyika kwenye lugha moja ya kufundishia, na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliohudhuriwa na Carl Meinhof, ukakichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu kwa nchi zote za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson.

Hoja zilizokipa ushindi Kiunguja zilikuwa na nguvu. Misafara ya biashara ilikuwa imekipeleka hadi kwenye maziwa makuu, utawala wa Wajerumani ulikuwa umekitumia katika ofisi na shule zake, na vitabu vya UMCA vilikuwa tayari vimeenea. CMS iliitetea Mombasa, ikashindwa. Ubishi huo, hata hivyo, ulikuwa baina ya Unguja na Mombasa, na baina ya maofisa na wamisionari. Lamu haikuwa mshindani. Katika fikira za kamati lahaja za kaskazini zilikuwa hazina ya ushairi, na hazina huhifadhiwa. Haikutarajiwa kwamba mtu angezitumia kuandika kitabu cha hesabu.

Kamati ilikuwa na chombo kimoja chenye nguvu kuliko mikutano yote: idhini. Kitabu kilichokusudiwa kutumika shuleni kilipelekwa kwake, kikasomwa, kikasahihishwa, na kikipita kikapewa idhini yake. Kwa njia hiyo mwandishi mzawa alijifunza kwamba lugha ya mama yake ilikuwa na msomaji wa kati, ambaye mara nyingi hakuwa mzawa, mwenye haki ya kuirekebisha kabla haijawafikia wasomaji wengine. Katika miaka ya mwanzo wajumbe walikuwa hasa maofisa na wamisionari. Waafrika waliingizwa baadaye, misingi ilipokwisha kuwekwa.

Mwaka 1939 unaionyesha hali hiyo kwa uwazi wa pekee. Mwaka huo ilitolewa kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotayarishwa chini ya uongozi wa Johnson kwa msingi wa kamusi ya A. C. Madan, na ndiyo iliyokuja kuwa rejeo la shule na ofisi kwa miongo kadhaa. Mwaka huo huo William Hichens alichapisha Al-Inkishafi. Miaka mitano kabla yake, yeye na Alice Werner walikuwa wametoa utendi wa Mwana Kupona. Basi wakati ule ule ambapo Kiswahili kilicho hai kilikuwa kikipewa kamusi yake, Kiswahili cha Lamu kilikuwa kikitolewa kama kazi ya kale yenye tafsiri na maelezo. Msomaji wa vitabu hivyo viwili angeweza kudhani kuwa lugha ya Al-Inkishafi ilikuwa imekwisha kufa pamoja na mji wa Pate.

Haikuwa imekufa. Nakala nyingi walizozitumia wataalamu hao zilitoka katika mikono ya Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji, ambaye aliwanakilia Hichens na Werner, na katika miaka ya 1930 akamsaidia Ernst Dammann. Kitabu cha Dammann cha mashairi ya lahaja ya Lamu kilitoka Ujerumani mwaka 1940. Kijuma aliandika kwa hati za Kiarabu, na maelezo yake juu ya maneno magumu ndiyo yaliyowawezesha wageni kuelewa walichokuwa wakisoma. Alikuwa mwalimu wa wenye mamlaka ya lugha bila yeye mwenyewe kuwa na mamlaka hayo. Nafasi yake hiyo, ya mjuzi anayetegemewa lakini asiyehesabiwa, ndiyo iliyokuja kuwa nafasi ya watu wazima wengi wa Lamu katika historia ya Kiswahili sanifu.

4.0 Taabu ya lugha zilizo karibu

Yeyote aliyejifunza lugha ya mbali anajua mahali lugha yake inapokoma na ile ya kigeni inapoanza. Msemaji wa Kiamu hana mpaka huo. Sehemu kubwa ya sarufi ya Kiamu na ya Kiswahili sanifu ni moja, na tofauti zimetawanyika ndani yake kama mawe yaliyofichwa na maji mafupi. Mifano michache itaonyesha ukubwa wa kazi inayomkabili mtu mzima.

Mahali pengi ambapo Kiswahili sanifu kina ch, Kiamu kina t: macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchanga ni mtanga, kucheka ni kuteka. Lakini si kila t ya Kiamu inayogeuka. Mto unabaki kuwa mto, na kuteka maji kisimani kunabaki kuwa kuteka. Sauti j haina mwenziwe mmoja: moja ni moya, njia ni ndia, maji ni mai, jina ni ina, mji ni mui. Mwanafunzi hawezi kupewa kanuni moja ya kubadilisha. Analazimika kuyakariri maneno moja baada ya jingine. Jirani yake wa Kitikuu ana kazi iliyo kinyume. Yeye husema chachu kwa tatu na mchu kwa mtu, hivyo huambiwa aziondoe ch zake na kuweka t. Watoto wawili wanaoweza kukaa dawati moja huelekezwa pande mbili zinazopingana, na wote wawili huambiwa kuwa wanajifunza lugha yao.

Katika maumbo ya maneno tofauti ni za ndani zaidi. Ngeli ambayo katika Kiswahili sanifu wingi wake huanza kwa vi-, katika Kiamu huanza kwa zi-: zitu, ziti, zuo. Upatanisho wake nao hufuata zi-, na mfumo mzima hukaa sawa bila ya ufa. Kirejeshi cha mtu, ambacho kwa usanifu ni -ye, katika lahaja za kaskazini huwa -o au -yo, kama katika aliyo badala ya aliye. Katika wakati timilifu nafsi ya tatu umoja huweza kusemwa mefika pasipo kiambishi a- mwanzoni. Ushairi wa kale umehifadhi pia kitimilifu cha kiambishi tamati, kama katika wakomele, ambacho ni mabaki ya umbo la kale la Kibantu lililopotea katika lugha sanifu.

Ndipo hutokea jambo ambalo wahakiki na walimu hawajalitilia maanani ya kutosha. Mtu aliyejifunza Kiswahili mbali na pwani akisema vitu hizi, amezichanganya ngeli mbili kwa kuwa hajazimudu. Mtu wa Lamu akisema zitu hizi, hakuchanganya chochote. Amefuata kanuni ya lahaja yake. Kwa kalamu nyekundu makosa haya mawili ni mamoja, na maksi zinazokatwa ni zile zile. Anayesahihishwa kwa namna hiyo tangu utotoni hapati nafasi ya kujua kuwa ana sarufi mbili zinazotofautiana. Anachojifunza ni kuwa ana sarufi moja, na kuwa hiyo moja ameiharibu.

Matokeo yake yanafahamika katika isimujamii ya mahali pengi. William Labov, katika uchunguzi wake wa New York uliotolewa mwaka 1966, alionyesha jinsi watu wa tabaka wasiokuwa na uhakika na lugha yao walivyosahihisha kupita kiasi pale walipojua kuwa wanasikilizwa. Mwamu anayejua kwamba baadhi ya t zake ni makosa, lakini hajui ni zipi, ana njia tatu mbele yake. Anaweza kusahihisha kupita kiasi na kuyaharibu hata yale aliyokuwa nayo sawa. Anaweza kuhamia Kiingereza, akiwa amekisoma, kwa kuwa makosa ya lugha ya wengine hayana aibu ya makosa ya lugha ya mama. Au anaweza kunyamaza. Mtoto hulazimishwa na mwalimu kujibu, kwa hiyo huendelea kukosea na pengine huzoea. Mtu mzima hana anayemlazimisha, tena ana heshima ya kuilinda: ni baba wa watu, ni mama wa watu, ni mtu anayetakwa ushauri mtaani. Kukosea mbele ya karani aliye rika ya wajukuu wake ni fedheha asiyohitaji kuinunua. Ukwepaji ambao kwa mbali huonekana kuwa uzembe ni hesabu iliyopigwa na mtu mwenye akili timamu.

Hali hiyo ilizidi uzito kadiri cheti kilivyozidi kuwa na thamani. Bunge la Kenya lilianza kutumia Kiswahili mwaka 1974, na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ukalifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Hatua hizo zilikipa Kiswahili hadhi iliyostahili, na hakuna mpenzi wa lugha anayeweza kuzijutia. Ila kwa wazee wa Lamu zilikuwa na makali mawili: lugha yao ilipanda cheo, nao hawakupanda nayo.

5.0 Uhakiki na mafungu yake

Uhakiki wa fasihi ungeweza kuwa kimbilio la sarufi hizo za kaskazini, kwa kuwa matini zake kuu zimeandikwa kwazo. Badala yake umezitafutia jina jingine. Chini ya kichwa cha uhuru wa mshairi, umbo la Kiamu huonekana kuwa ni neno sanifu lililopindwa kwa ajili ya kina au mizani. Kwa Sayyid Abdalla, mai hayakuwa maji yaliyopunguzwa herufi. Yalikuwa ndilo neno. Hata pale ambapo mwongozo unakubali kuwa umbo fulani ni la lahaja, kuliweka katika orodha moja na kuboronga sarufi ni kumfundisha msomaji kuwa lahaja ni jamaa ya kosa. Mantiki ya orodha hiyo inataka pawepo kwanza sarufi moja ya kila mtu, ndipo mshairi apewe ruhusa ya kutoka ndani yake. Kwa tendi zilizotungwa kabla ya mwaka 1930 sarufi hiyo ya kila mtu haikuwako.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni jina la utanzu wenyewe. Lamu husema utendi, wingi wake tendi. Umbo lililoenea katika Kiswahili sanifu ni utenzi na tenzi. J. W. T. Allen, aliyetumia miaka mingi kukusanya miswada ya pwani kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikipa kitabu chake cha mwaka 1971 jina la Tendi. Mkusanyo wa M. M. Mulokozi wa mwaka 1999 ulioziweka pamoja kazi za kaskazini ukaitwa Tenzi Tatu za Kale. Majina yote mawili yana haki yake, na hakuna aliyekosea. Yafaa tu kukumbuka kuwa pale mwanafunzi wa Lamu anapoandika utendi na kusahihishwa, anasahihishwa katika jina la kitu ambacho wazee wake ndio waliokitukuza.

Hasara ya hali hii si ya hisia peke yake. Miswada ya kaskazini iliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa desturi ya kale huacha mengi kwa msomaji kuyakisia. Kiamu hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, na sauti zenye mpumuo na zisizo nao. Alfabeti ya Kirumi inayotumika sasa huziandika kwa herufi moja. Mhariri wa muswada anahitaji sikio la mtu aliyezaliwa na tofauti hizo. Mtu huyo akiwa amefundishwa kwamba sikio lake limeharibika, hataitwa kwenye kazi hiyo, na akiitwa atakuja kama mtoa habari ambaye jina lake litatajwa katika shukrani. Elimu ya tendi imebaki kwa kiasi kikubwa kuwa elimu ya London, Hamburg na miji mingine ya mbali, na sababu mojawapo ni kuwa wenye lugha walitolewa katika sarufi yake.

6.0 Wasionyamaza

Ingekuwa makosa kuumaliza uchunguzi huu kana kwamba Lamu yote iliingia kimya. Mahali ambapo kipimo cha lugha kilibaki mikononi mwa wasemaji, watu wazima hawakuwa na taabu yoyote. Katikati ya miaka ya 1970, wakati Bunge la Nairobi lilipokuwa likijizoeza Kiswahili, kampeni za uchaguzi za Lamu ziliendeshwa kwa mashairi ya majibizano, yakasikika mitaani kwa kanda za kaseti. Mashairi hayo, yanayojulikana kwa jina la Kimwondo, yalichunguzwa na Assibi Amidu katika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Waliosikiliza walikuwa watu wa kila rika, na kila ubeti ulipimwa, ukajibiwa na kukosolewa. Huo ulikuwa mjadala wa kisiasa wa watu wazima kwa lugha iliyonyooka, na haukuhitaji idhini ya kamati.

Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ajulikanaye kwa jina la Ustadh Mau, aliyezaliwa mwaka 1952, ameendelea na kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Tungo zake, kuanzia Wasiya wa Mabanati wa mwaka 1974, zinashughulika na malezi, elimu, ndoa na hali ya mji, na zinawafikia watu wa Lamu kwa sauti kabla ya kuwafikia kwa maandishi. Diwani ya mashairi yake pamoja na tafsiri ilitolewa na Annachiara Raia na Clarissa Vierke mwaka 2023. Kiamu chake ni lugha ya imamu anayewaonya na kuwaelekeza watu wa leo.

Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, aliipeleka hoja mbele zaidi. Katika Sambo ya Kiwandeo (1979) na Umbuji wa Mnazi (1985) aliukusanya msamiati wa vyombo vya baharini na wa mnazi ambao haukuwa umepata nafasi ya kutosha katika kamusi. Aidha alidai kuwa Kiswahili kinachotafuta istilahi mpya kitazame kwanza katika lahaja zake kabla ya kukimbilia lugha za kigeni. Neno runinga, linalohusishwa naye na kuundwa kutokana na maneno ya kale ya kaskazini, lilikubaliwa na kuingia katika matumizi ya kawaida nchini Kenya. Kukubaliwa huko kunaonyesha tena mipaka ya ukarimu wa lugha sanifu: imekuwa tayari kupokea neno la Lamu, lakini haijawa tayari kuisikia sarufi ya Lamu bila kuisahihisha.

7.0 Hitimisho

Haja ya lugha sanifu haibishaniwi hapa. Nchi yenye lugha nyingi inahitaji Kiswahili kimoja cha sheria, cha vitabu na cha mahakama, na mtu wa Lamu anakihitaji kama wengine ili asinyimwe haki yake kwa kukosa maneno. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na papo hapo imeitaka serikali kuhifadhi na kuendeleza lugha mbalimbali za wananchi. Lililokosekana ni ukweli katika kufundisha: kumwambia mwanafunzi wa Lamu, tangu siku ya kwanza, kwamba anakuja na sarufi yake iliyokamilika na kuwa anaongezewa ya pili. Zikiwekwa pamoja ubaoni, zitu kwa upande mmoja na vitu kwa upande wa pili, tofauti hugeuka kuwa maarifa, na anayezijua zote mbili huwa amemzidi mwenye moja.

Kwa idara za fasihi wajibu ni mwepesi kuutaja. Tendi za kaskazini zisomwe kama ushahidi wa sarufi ya kaskazini, na fungu la uhuru wa mshairi libakizwe kwa yale tu ambayo mshairi ameyafanya kweli kinyume cha lugha ya watu wake. Kazi hiyo haiwezi kufanywa pasipo wale wanaoisema lugha hiyo, wake kwa waume, wa Mkomani na Langoni, wa Siyu na Faza. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na tangu hapo haifai mtu kuubadili ukuta wake wa matumbawe kwa kuwa haufanani na majengo ya Nairobi. Maneno yanayosemwa nyuma ya ukuta huo yangali yanakatwa maksi.